Duara Kavu Nyuma ya Sinia

Kwa miaka mingi nimekuwa nikisema, na walionisikia wapo hai, kwamba hakuna ukuta wa kunishangaza mie. Nimeona ukuta uliojengwa kwa mchanga wa ufukweni ukitoa chumvi nyeupe kila kaskazi, mwenyewe akidhani ni baraka. Nimeona mtu akipaka rangi ya mafuta juu ya koga mara tatu kwa mwaka mmoja, kisha akaniuliza kwa nini watoto wanakohoa. Nipe ukuta wowote kuanzia Pangani mpaka Moa. Nitaugusa, nitaugonga, nitauonja, na kabla kahawa haijapoa nitakwambia unaumwa nini.

Sasa mwiko nimeuweka chini. Jicho la kushoto limeliwa na chokaa, na magoti yameikataa ngazi mapema kuliko nilivyotarajia, maana mie si mzee, ndevu zangu bado nyeusi nusu. Basi vijana mliobaki na kazi hii nawaandikia niliyoyaona. Nimeandika kwa mkono wangu. Shule niliishia darasa la pili na chuoni nilitoka na juzuu tatu, kwa hiyo herufi zikienda upande zifuateni hukohuko. Nani alinipa kazi gani na kwa ujira gani nayaacha, hayajakausha ukuta wa mtu.

Kazi nilifundishwa na Fundi Mbwana, mchoma chokaa wa Mkwaja. Nilimwendea nikiwa kijana, na mwiko mpya kiunoni nilioununua Pangani kwa kujinyima mwezi mzima. Aliuchukua, akautazama, akautundika kwenye msumari ukutani kwake, na ukakaa pale miezi saba. Miezi hiyo yote nilipanga matumbawe juu ya magogo ya mikandaa, nikachoma, nikamwagia maji, nikakoroga shimo la chokaa kwa mti mrefu huku macho yakinitoka. Chokaa ya siku tatu hakuitaka. Alitaka iliyolala shimoni mpaka ikawa laini kama samli, na kidole ukikipitisha hakikutani na punje. Leo mnainunua kwenye mfuko, mnaichanganya asubuhi na adhuhuri mnaipiga ukutani, halafu mnashangaa inabanduka.

Lakini siku ya kwanza kabisa, kabla hata sijaonyeshwa shimo, alinipeleka nyuma ya nyumba ya jirani yake, akaniambia nitoe ulimi niuweke ukutani. Nilidhani ananifanyia mzaha wa wageni. Akatangulia yeye, akalamba, akatema, akanitazama. Nikalamba. Ulikuwa wa chumvi. Akanieleza kwamba ukuta una ladha tatu. Ukiwa wa chumvi, maji yanapanda kutoka ardhini au fundi aliiba mchanga pwani. Ukiwa mchungu wa masizi, paa linavuja na mvua inaosha moshi wa miaka kwenye boriti. Ladha ya tatu ni kukosa ladha. Maji yakiwa matupu, alisema, usiuguse ukuta, waulize waliomo ndani wanaishi vipi.

Ile ya kwanza na ya pili nilizishika vizuri sana. Ya tatu alinieleza wakati nimeinama natema mate, na ujana nao una haraka zake.

Nilikaa kwake miaka sita. Nikaja Tanga, nikapata nyumba ya kwanza, ya pili, ya kumi. Zama zile mkonge ulikuwa na bei, na kila mwenye ndugu kwenye mashamba alivua makuti akapandisha mabati. Kwa fundi wa unyevu ilikuwa neema. Nyumba iliyokuwa ikipumua kwa makuti miaka arobaini ilifunikwa kama sufuria, na msimu uliofuata mwenyewe alikuwa mlangoni kwangu ananiita kaka.

Kuna mwaka niliitwa Amani, kule juu msituni, kutengeneza kuta za nyumba tatu za matofali. Mie mtu wa pwani, baridi ile ilinikuta na kanzu moja. Kuta za kule zilitoka jasho kuanzia kipupwe mpaka kipupwe. Nikaonja, hazikuwa na ladha. Katika moja ya nyumba hizo alikuwapo mpishi wa Kishambaa, mtu wa maneno machache, ambaye kila asubuhi bwana wake akitoka alifungua madirisha yote, ukungu wa mlimani ukaingia mpaka kitandani. Nikamcheka. Nikamwambia, bwana, unakausha nguo kwa kuitia mtoni? Akanijibu kwamba ukungu ulikuwa unaingia na kutoka, ila mvuke wa birika la bwana ulikuwa unaingia ukakaa. Nikaona mpishi anataka kunifundisha ukuta, nikaendelea na lipu yangu. Lipu ile ilibanduka, lakini mie nilikuwa nimeshateremka Muheza, sikuiona.

Nayataja hayo mawili ili mjue kwamba nilipoambiwa, niliambiwa mara mbili.

Sasa nije kwenye nyumba ya Bi Mwanatumu. Nimetengeneza nyumba nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, ila hii ndiyo niliyokalia kiti kuiandika.

Ilikuwa masika, mwaka ambao sarafu za jina la malkia zilikuwa zimeanza kuchanganyika na zile za mfalme. Bi Mwanatumu alikuwa mke wa mshona kanzu, mtu mwema aliyekuwa na cherehani barazani, na mume huyo alikuwa amefariki kabla ya mvua kuanza. Nyumba ilikuwa ya mawe ya zamani, kuta nene kiasi cha mkono mzima, kule chini karibu na bandari. Bibi alikuwa ndani ya eda. Miezi minne na siku kumi, kama mnavyojua, na nyumba ile ilishika mambo kwa ukali: chumba kimoja, dirisha limefungwa kwa sababu linatazama baraza ya wanaume, hatoki, haonwi.

Aliyekuja kuniita ni binti yake, Zena, mtu mzima mwenye watoto wake. Alisema ukuta wa chumba cha mama unalia. Mashoga zake, wanawake wa mtaani, walikuwa wameanza kunong'ona kwamba nyumba inamlilia marehemu, na wengine walisogea mbali zaidi wakataja shetani. Hayo yasingekuwa neno. Neno lilikuwa karatasi. Bwana afya alipita katika ukaguzi wake, akaona koga la kijani ukutani kwa nje, akasikia uvundo ukumbini, akaandika kwamba nyumba haifai kukaliwa. Alitoa siku thelathini. Isipokauka, watu watoke.

Fikirini maana yake. Mjane atolewe nyumba aliyofia mumewe, eda ikiwa nusu, apitishwe barabarani mchana. Shemeji yake, Bwana Omari wa Makorora, alikuwa ameshamwandalia chumba kwake na kusema hamsubiri bwana afya. Hakuwa mtu mbaya, alimwogopea shemeji yake kifua. Lakini kila mtu alijua kwamba Bi Mwanatumu akishaingia Makorora, nyumba ya mawe itagawanywa na kuuzwa, na hatairudia tena. Yeye mwenyewe alikuwa amesema neno moja tu kwa wote: atatoka humo eda ikiisha, kwa miguu yake, na atarudi humo jioni.

Nilikwenda. Zena akaniambia mama anaweza kupelekwa nyuma ya pazia chumba cha pili, niingie mara moja na Bwana Omari niutazame ukuta kwa ndani. Nikamjibu hivi, na maneno yangu nayakumbuka yote.

"Mama asisumbuke. Mie ukuta nausoma hata nikiwa upande wa pili."

Nikauzunguka kwa nje. Nikaugonga mara tatu kwa ngumi. Nikauonja, ukawa na chumvi. Vijana wangu, hakuna ukuta kule bandarini usio na chumvi kwa nje, upepo wenyewe una chumvi, hata mlango ukiulamba una chumvi. Hilo nilikuwa nalijua tangu Mkwaja. Lakini watu walikuwa wamekusanyika wananitazama, na fundi akitazamwa huwa na majibu ya haraka. Nikasema maji yanapanda kutoka ardhini. Nikasema chokaa haiwezi, hapa ni saruji, nzito, kuanzia chini mpaka juu. Saruji ilikuwa fasheni, na mie nilikuwa wa kwanza mtaa ule kuipiga kwenye nyumba ya mawe.

Juu kabisa, chini ya paa, kulikuwa na matundu manne ya hewa, kila moja linatosha ngumi. Nikaona mvua ya upepo inaweza kuingia humo. Nikayaziba. Niliyaziba vizuri mno, hata mahali pake hapakujulikana, na niliposhuka ngazini niliwaonyesha watu kwa kidole nikawauliza wanaona wapi palikuwa na tundu.

Kazi ilichukua siku tisa. Nikalipwa shilingi sitini, fedha iliyotoka kwenye kuuza cherehani ya marehemu. Nikamwambia Zena ukuta ule utamzika mjukuu wake.

Siku ya kumi na tisa ya ile karatasi Zena alirudi. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni kwangu, akasema sasa maji hayalii tena, yanatembea. Yameshuka ukutani yakafika kwenye mkeka, mama anakohoa, na Bwana Omari amesema Ijumaa analeta gari.

Nilikwenda nikiwa nimekasirika, maana mtu wa aina yangu akikosea hukasirika kwanza. Nilikuwa nimeandaa maneno kuhusu masika makubwa na ardhi mbovu. Zena akaniweka ukumbini, kiti kimegeuzwa kisitazame mlango wa chumba. Mlango ukasogezwa upana wa vidole viwili. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kwa sauti iliyokwaruza.

"Fundi, mie nimekaa na ukuta huu miezi miwili," alisema. "Wewe umeupiga ngumi tatu. Sasa nisikilize."

Akanieleza. Alikuwa na sinia lake la shaba, la kahawa, kubwa, la arusi yake. Wageni wakiondoka huliosha na kuliegemeza ukutani. Asubuhi ile alilivuta, akakuta sinia limejaa matone upande wa usoni, upande wa chumbani. Nyuma yake kavu. Na pale ukutani sinia lilipokuwa limelala, duara zima lilikuwa kavu, jeupe, huku pembeni pote maji yanateremka. Nikamwambia labda ameona vibaya, chumba kina giza. Akasema hakutegemea macho.

"Nimeuonja," alisema. "Zena ameniambia wewe hulamba kuta. Nami nimelamba. Hauna chumvi, hauna uchungu. Maji matupu, kama ya mtungi."

Basi maji hayakupanda kutoka ardhini, yalitoka humohumo chumbani. Nikawa kijana tena, nimeinama nyuma ya nyumba Mkwaja natema mate, na Fundi Mbwana anasema kitu juu ya kichwa changu.

Nikamuuliza, kwa adabu safari hii, humo ndani wanaishi vipi. Akanitajia yote bila haya. Mashoga wanaokuja kumliwaza, kumi asubuhi, kumi na tano jioni, wanakaa mpaka magharibi. Jiko la makaa humohumo chumbani kwa ajili ya kahawa na chai ya tangawizi, maana kumpitisha mwenye eda uani kuna macho. Maji yake ya kuoga yanachemshwa humohumo. Nguo zake nyeupe zinafuliwa na kuanikwa kamba ya ndani. Ubani asubuhi na jioni. Dirisha halijafunguliwa tangu siku ya mazishi. Akamaliza, akauliza:

"Zamani jasho letu lilikuwa likitokea wapi, fundi? Maana mamangu naye alikaa eda chumba hikihiki, na ukuta ulikuwa mkavu."

Alijua. Mwanamke aliyetazama dari miezi miwili hawezi kukosa kujua kwamba palikuwa na mwanga wa matundu manne na sasa hakuna. Aliniachia niseme mwenyewe. Nikasema. Nikasema matundu nimeyaziba mie, na saruji niliyopiga nje imeunyima ukuta njia ya kutoa hata kile kidogo ulichokunywa. Kuta za chokaa zinakunywa na kutoa, mama. Mie nimeuziba mdomo.

Hakunitukana. Alisema tu zimebaki siku kumi na moja, na kwamba nikiweza kukosea kwa siku tisa, naweza pia kurekebisha kwa kumi.

Basi hapo ndipo nilipofanya kazi bora ya maisha yangu, na sioni haya kujisifu, maana niliifanya dhidi yangu mwenyewe. Nilipanda ngazi na tindo, nikafungua matundu yote manne siku hiyohiyo. Kisha nikaanza kubandua saruji yangu. Wapita njia walisimama. Mmoja akauliza kama huu si ule ukuta wa kuzika wajukuu. Nikamwambia ndio huu, apishe asije akaangukiwa na kipande. Saruji ngumu ukiibandua kwenye tumbawe inaondoka na jiwe, kwa hiyo nilikwenda kwa nyundo ndogo, kama mtu anayemenya yai, na vibarua wawili nikawapa kazi ya kuokota tu, nyundo sikuwaachia.

Dirisha lilikuwa shida nyingine. Mwenye eda hawezi kulifungua mbele ya baraza, na bila kulifungua matundu manne hayatoshi watu kumi na tano. Nikaagiza wavu wa mbao nyembamba, vipande vinapishana, anayekaa ndani anaona nje na aliye nje haoni kitu. Nilikwenda mwenyewe kukaa baraza na wazee wale wa kahawa, nikatazama dirisha kutoka kila kiti, mpaka nikahakikisha. Wazee waliniuliza kwa kejeli kama nimeacha ufundi nimekuwa mlinzi.

Jiko likatoka. Nilitundika makuti matatu uani, pakawa na kichochoro cha kumfaa bibi kwenda kuogea bila kuonwa, na maji yakachemshwa hukohuko. Ubani nikamwomba uwe mara moja kwa siku. Alikubali yote ila la mashoga. Hao, alisema, siwezi kuwapiga tindo.

Ndani hakuna mwanamume aliyeingia. Chokaa ya ndani ilipakwa na Zena na mashoga wenyewe. Mie nilikaa ukumbini, nimegeuziwa kiti, nikiwafundisha kwa sauti: ikorogwe iwe nyepesi kama maziwa, brashi ya kumbi la nazi ichovywe, ikung'utwe, ipande juu kwanza, koti la kwanza likauke ndipo la pili. Nilisikia vicheko humo ndani vya namna ambayo sidhani ilisikika katika eda nyingine yoyote mjini. Nilimwambia mmoja kwamba brashi yake imelowa mno, akauliza fundi amejuaje naye amegeuka. Nikamwambia naisikia inadondoka. Bi Mwanatumu akasema kumbe kweli anausoma ukuta akiwa upande wa pili, na chumba kizima kikaangua kicheko. Nilicheka na mie. Nilistahili.

Kwa nje chokaa haikauki kwa siku kumi wakati wa masika, hilo mlijue. Niliacha mawe wazi, nikapiga koti moja jembamba tu, mengine nikayaachia kiangazi. Ijumaa Bwana Omari alikuja na gari. Zena alimpeleka ukumbini, akamtolea sinia, akamwambia ashike usoni na nyuma. Akashika. Lilikuwa kavu pande zote mbili. Alisikia pia shemeji yake akimsalimu kutoka ndani bila kukohoa. Akarudisha gari.

Siku ya thelathini akaja bwana afya na karatasi yake. Alinusa ukumbi, akatazama nje, akauliza kwa nini ukuta uko nusu tupu. Nikamwambia nimeuvua nguo ili upumue na nitauvika ukikauka. Akataka kuona ndani, akaambiwa kuna eda. Alikuwa Mwislamu, akarudi hatua. Zena akamtolea sinia naye, akamweleza. Aliligeuza, akalipitisha kiganja, akalinusa hata, sijui kwa nini. Kisha akauliza nani aligundua njia ile ya kupima.

Hapo, vijana, nilikuwa na nafasi. Bwana yule alikuwa akikagua nyumba za mji mzima. Mdomo ulinifunguka. Nikasema, mama mwenye nyumba. Akaandika kwenye karatasi yake kwamba nyumba inafaa, akaondoka.

Bi Mwanatumu alimaliza eda mwanzoni mwa kiangazi. Siku aliyotoka nilikuwa juu ya ngazi nje, namalizia koti la mwisho. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona: mwembamba, mrefu kuliko sauti yake. Mashoga walikuwa wakimsubiri kumpeleka kwa jamaa. Alipita kwanza upande wangu, akauwekea ukuta kiganja, kisha akatoa ulimi, mbele ya watu wote, akauonja.

"Wa chumvi," alisema.

Nikamwambia huo ni wa upepo, mama, huo hauna neno. Akaniuliza anidai nini au nimdai nini. Nikamrudishia zile shilingi sitini zikiwa kwenye kitambaa, nikamwambia hizi ni za cherehani, na kazi iliyobaki haikunigharimu kitu. Akanitazama kama alivyoutazama ule ukuta. Akapokea, akaenda zake kwa miguu, na jioni akarudi akafungua dirisha lake.

Wiki ile nilinunua sinia dogo la shaba, likakaa kwenye kikapu changu pamoja na timazi na pima maji mpaka siku niliyoacha kazi. Anayelitaka kati yenu aje alichukue. Tangu hapo sikuupiga ukuta wowote ngumi kabla sijaliegemeza usiku mmoja na kuuliza waliomo wanaishi vipi. Ila kwamba haikunigharimu kitu, huo ulikuwa uongo, na Bi Mwanatumu aliujua. Pamoja na fedha niliyorudisha, chokaa, mbao za wavu, vibarua wawili na hilo sinia, ilinigharimu shilingi mia moja thelathini na saba na senti arobaini.